Sura ya Nne: Kipimo Kilichoshuka Kwanza

Kapteni Léonce wa gendarmerie, polisi wa kijeshi, aliikunja karatasi ya mashtaka mara mbili, akaiweka mezani na kuigonga kwa kidole.

"Saa tisa alasiri, Inspekta. Saa tisa huyu mtu wa mtumbwi anapanda gari la jeshi. Baada ya hapo si wako wala wangu."

Inspekta Illuminée Gahongayire alikuwa ameinama juu ya meza ya stoo ya vielelezo, katika ofisi ya mwendesha mashtaka mjini Kigali, akitazama ncha tatu za kamba. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 14 Februari 1992, saa mbili na nusu asubuhi. Kabla hajawa mpelelezi mama huyu alifundisha hesabu miaka tisa, na hadi leo hakupokea jibu lisiloonyesha njia yake.

Mezani palikuwa na mitungi mitatu ya chuma ya rangi ya manjano, kila mmoja unene wa paja na urefu wa mkono. Ilikuwa mali ya mradi wa utafiti wa Ziwa Kivu. Kila mtungi ulikuwa umetiwa ndani ya maji na kufungwa kwa kamba kwenye nanga iliyolala chini kabisa. Juu yake palikuwa na tufe la kioo lililojaa hewa, la kuusimamisha wima. Kazi yake ilikuwa kupima kina na mwendo wa maji kila dakika na kuandika kwenye kanda iliyokuwa ndani. Kamba ikikatika, tufe huuibua mtungi.

Jumanne ya wiki iliyopita yote mitatu iliibuka asubuhi moja. Kesho yake mkuu wa mradi, mhandisi Arnaud Sebuhoro, aliandika mashtaka: kamba zimekatwa na Hakizimana, mlinzi wa boya, kwa niaba ya adui. Vita vya mpakani vilikuwa vimetimiza mwaka na miezi minne, na neno *icyitso*, yaani kibaraka wa adui, lilikuwa limekwisha kupeleka watu wengi mahali ambapo ndugu zao hawakuweza kuwafuata.

"Panga," alisema Kapteni, akiinua ncha moja ya kamba. Ilikuwa imekatwa safi kama muwa. "Unataka nini zaidi?"

"Hiyo ni ya mtungi wa tatu. Tazama hizi mbili."

Ncha mbili nyingine zilikuwa zimefumuka. Nyuzi zake zilikuwa ndefu na nyembamba, nyingine zimevutika hadi kuwa kama nywele.

"Panga butu," alisema Kapteni.

"Panga butu hutafuna kamba. Hizi hazikutafunwa, zimevutwa hadi zikakatika."

Akaigeuza mitungi. Vifungo vya shaba vilikuwa vyeusi tii, kama masizi, na bado vilinuka yai bovu. Ndivyo maji ya chini ya Kivu yanavyofanya shaba. Lakini vichwa vya skrubu kwenye mtungi wa pili na wa tatu vilikuwa na mikwaruzo inayong'aa. Aliandika hilo kwenye daftari lake, kisha akaomba ufunguo wa mahabusu.

*

Hakizimana alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye mabega ya kasia. Waliketi kwenye ubao mmoja, Kapteni akasimama mlangoni.

"Siku ile ulikwenda ziwani kufanya nini?"

"Kubadilisha betri ya taa ya boya, mama. Ni kazi yangu kila mwezi."

"Kwa boti ya injini?"

"Boti ya mradi iko hapa Kigali, gereji ya Gikondo, tangu Noeli. Nilikwenda kwa kasia."

"Boya liko juu ya mtungi upi?"

"Ule wa kwanza, wa karibu na pwani. Ile mingine miwili haina boya. Iko chini tu. Hata mimi siwezi kukuonyesha ilipo."

"Ulikata kamba?"

"Sikukata. Boya lilizama."

Kapteni alicheka kwa pua. Gahongayire aliinua mkono kumtuliza. "Lilizama vipi?"

"Nilikuwa nimenyoosha mkono nilishike. Likaenda chini mbele yangu, kama mtu amelivuta miguu. Nilihesabu pumzi labda kumi. Kisha likaruka juu na kulala ubavu. Nilipovuta kamba ilikuwa nyepesi. Mtungi ulikuwepo, lakini nanga haikuwepo."

"Upepo ulikuwaje?"

"Hakuna upepo. Maji yalitulia kama mafuta. Baadaye kidogo yakageuka rangi, kama chai ya maziwa, na ile harufu ikapanda."

"Ukafanya nini?"

"Nikaupakia mtungi mtumbwini, nikaupeleka kwenye gati la mradi. Nilipiga kasia karibu saa mbili. Sikupita nyumbani. Nilipomwambia mhandisi kuwa boya lilizama, akaita askari."

Walipotoka, Kapteni alifunga mlango na kusema, "Boya linazama lenyewe. Umesikia uongo mwepesi kama huo?"

"Mwongo angesema hakuwepo," alisema Gahongayire. "Na mhujumu gani hupiga kasia saa mbili ili alete alichokihujumu? Nani aliuleta mtungi wa tatu?"

Kapteni alifungua faili. "Muuza dagaa, Nyirahabimana. Mumewe aliukuta kwenye wavu. Huja soko la Nyabugogo, hapa mjini, kila Ijumaa."

*

Magari ya kutoka magharibi yalikuwa yamekwisha kushusha mizigo. Nyirahabimana alikuwa ameketi nyuma ya magunia manne ya sambaza wakavu, dagaa wa Kivu, kitenge kimefungwa kifuani, akigombana na mteja. Alizungumza Kiswahili cha ziwani, kile wanachouziana nacho watu wa Kibuye na wa Bukavu. Gahongayire alingoja mteja aondoke, akajitambulisha, akachutama.

"Ile kamba ya mashine, mama, mliikuta ikiwa imekatwa?"

"Hapana. Ni bwana yangu alikata. Na panga. Ilikuwa imezunguka mu wavu mara tano. Ule wavu iko mpya, sasa tungekata wavu?"

"Alikata karibu na mashine?"

"Karibu kabisa. Ile mupande nyingine ilikuwa refu, imeharibika, nyuzi nyuzi. Tulitupa."

Panga la Kapteni lilikuwa limepatikana. Gahongayire aliandika, akamwomba aweke dole gumba. Mama yule alijipaka wino, akabonyeza, kisha akamtazama.

"Na ile mambo ya maji, hamuulizi?"

"Maji gani?"

"Waliuliza mashine tu. Hakuna mtu aliuliza watu." Aliusukuma mzani pembeni. "Ile Jumanne, kengele ya masomo ilikuwa bado kulia ya mapumziko. Iko saa nne na kidogo. Sisi iko mwaloni, pale mitumbwi inafika, wengine wanafua, wengine wanaosha mihogo. Maji ikarudi nyuma. Ikarudi, ikarudi, mitumbwi ikakaa mu tope. Samaki wanaruka. Wamama wakakimbia kuokota. Mimi nilikuwa na magunia, sikuenda. Kisha maji ikarudi na mawe na matete, juu kama mlango wa nyumba."

"Walikufa wangapi?"

"Tatu. Mama Gashugi, na katoto ka Nyiramana, na Mukunde."

"Mukunde ni nani?"

"Bibi ya Hakizimana. Mulimufunga bwana yake, tukamuzika peke yetu."

Gahongayire alisimamisha kalamu, kisha akaandika jina. "Kabla maji hayajarudi nyuma, uliona nini? Hata kitu kidogo."

"Kule kwa malori. Ile kampuni ya barabara inamwaga udongo na mawe pale kwa rasi, tangu mwezi wa tisa. Ilikuwa mulima sasa, kama nyumba mbili. Asubuhi ilikuwa pale. Nilipoangalia tena haikuwa. Haikuanguka kwa barabara, haikuanguka kwa shamba. Ilienda mu maji yote."

"Na malori?"

"Walipumzika siku tatu tu. Jana nimeona wanamwaga tena pale pale. Na kesho ni soko, mwaloni itajaa watu."

Ilikuwa saa tano na robo.

*

Ofisi ya mradi ilikuwa nyumba ya kupanga huko Kiyovu, yenye ramani ya ziwa ukuta mzima. Mhandisi Arnaud alimpokea akiwa amevaa tai. Alikuwa na adabu na maneno machache.

"Kanda za ndani zinasema nini?" aliuliza Gahongayire.

"Kwa bahati mbaya hazisemi kitu. Maji yaliingia."

"Mliziona zimelowa?"

"Mitungi ilikwenda moja kwa moja kwa gendarmerie. Ni jambo linalojulikana kitaalamu, chombo kikigongwa maji huingia."

"Mitungi ilikaa hapa siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, kabla ya kuja kwetu, stakabadhi ninayo. Na skrubu za miwili zimefunguliwa baada ya kutoka majini. Shaba yote ni nyeusi isipokuwa pale bisibisi ilipopita. Nani hapa ana bisibisi?"

Kwenye meza ya dirishani msichana aliyekuwa akichora grafu aliacha kuchora. Aliitwa Claudette, msaidizi wa maabara, amemaliza chuo kikuu cha Butare miaka miwili iliyopita.

"Mimi," alisema.

"Claudette," alisema mhandisi.

"Nilizisoma Ijumaa iliyopita, Mama Inspekta. Zilikuwa kavu."

Alifungua droo, akatoa karatasi mbili ndefu za namba na kuzitandaza. Gahongayire alivuta kiti. Mhandisi alibaki amesimama.

"Huu ni mtungi wa pili," alisema Claudette. "Ulikuwa kwenye kina cha mita mia mbili na kumi. Kila mstari ni dakika moja."

Gahongayire alipitisha kidole chini ya safu. Mia mbili na kumi, mia mbili na kumi, ukurasa mzima. Kisha, saa nne na dakika kumi, mia mbili ishirini na nne. Dakika iliyofuata, tisini na sita. Iliyofuata, sifuri.

Alirudi juu, akasoma tena.

"Sifuri ni kwamba umefika juu."

"Ndiyo."

"Mhandisi," alisema bila kuinua macho, "mtu akitaka kukata kamba ya ndoo iliyo kisimani, hufanya nini kwanza?"

"Sielewi swali."

"Huivuta. Kamba ya mtungi huu ilikuwa chini zaidi ya mita mia mbili. Hakuna mkono unaofika huko. Mhujumu angeunasa, angeuvuta, namba zingepungua: mia mbili, mia moja na tisini, mia moja na themanini. Hapa namba imeongezeka kwanza. Mtungi ulishuka mita kumi na nne kabla ya kupanda. Aliyeuvuta alikuwa chini yake."

Nje mtu alikuwa akifagia majani.

"Na boya la Hakizimana nalo lilizama kwanza," aliendelea. "Alituambia tukamcheka. Claudette, mtungi wa tatu?"

"Ulishuka vilevile. Saa nne na dakika ishirini."

"Na wa kwanza?"

"Ule haujafunguliwa. Lakini taa ya boya ina saa yake. Ilisimama saa nne na dakika saba."

Gahongayire aliomba rula. Kwenye ramani alipima kutoka mtungi wa kwanza hadi wa pili, mita elfu moja na mia tano. Kutoka wa pili hadi wa tatu, kilomita nne. Alifanya hesabu pembezoni mwa daftari, kama alivyowafundisha wanafunzi wake, bila kuruka hatua.

"Dakika tatu kwa mita elfu moja na mia tano. Kilomita thelathini kwa saa. Halafu, mteremko unapolala kidogo, dakika kumi kwa kilomita nne. Ishirini na nne kwa saa. Kinakimbia mlimani, kinapunguza mwendo bondeni. Hakizimana alikuwa na kasia. Hiki ni nini, Claudette?"

"Maporomoko, mama. Ya chini ya maji." Msichana alizungumza haraka sasa, kama mtu aliyekaa na neno wiki nzima. "Mteremko wa ziwa ni kama mlima wowote, ila umefunikwa. Ukiubebesha kuliko nguvu zake unakatika. Udongo unachanganyika na maji, unakuwa mzito kuliko maji, unashuka kama mto ndani ya ziwa. Baharini, pale ukingo wa bara unapoteremka kwenda kilindini, hutokea makubwa zaidi. Mwaka 1929, ng'ambo ya Newfoundland, tetemeko lilitikisa mteremko kama huo. Nyaya kumi na mbili za simu za chini ya bahari zilikatika. Zile za karibu papo hapo. Za mbali moja baada ya nyingine, kadiri ulivyoteremka, kwa zaidi ya saa kumi na mbili. Ilipita miaka ishirini na kitu kabla ya watu kupiga hesabu ya saa zile na kujua ni tope lililokuwa likikimbia."

"Na juu ya maji?"

"Wimbi. Liliua watu ishirini na wanane katika vijiji vya pwani."

"Kwetu ni watatu," alisema Gahongayire.

Claudette alishika ukingo wa meza. "Watu gani?"

Ilikuwa wazi kwamba hakujua. Gahongayire alimgeukia mhandisi, na kwa uso wake akaona kwamba yeye alijua.

"Kabla malori hayajaanza kumwaga pale rasini, nani alipima mteremko?"

Mhandisi alilegeza tai. "Palipimwa."

"Na nani?"

Claudette alikwenda kwenye kabati, akachambua mafaili, akaleta nakala ya kaboni ya barua. Agosti 1991, kwa kampuni ya barabara. *Mteremko una uwezo wa kupokea kifusi bila hatari.* Sahihi ilikuwa ya Arnaud Sebuhoro.

"Nilipima mita ishirini za juu," alisema mhandisi. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Walitaka jibu ndani ya wiki. Ni barabara ya taifa. Mtu hawezi kuisimamisha barabara ya taifa kwa sababu ya tope ambalo hajaliona."

"Mashtaka dhidi ya Hakizimana uliandika lini?"

"Jumatano. Na Jumatano niliamini nilichoandika, Inspekta. Andika hilo."

"Nimeandika. Kanda zilisomwa lini?"

"Ijumaa."

"Leo ni Ijumaa nyingine. Ulikwenda kuyafuta?"

Aliitazama ramani yake. "Hapana."

*

Mwendesha mashtaka alitia sahihi saa nane na dakika arobaini, baada ya kusoma hesabu mara mbili na kuuliza kama kuna kosa. Kapteni Léonce alizisoma akiwa amesimama, midomo ikitembea.

"Kilomita thelathini kwa saa," alisema. "Chini ya maji."

"Kama kilima kinavyoporomoka Aprili, Kapteni. Ila hiki hakuna aliyekiona kikianguka."

"Na wakuu wangu niwape nani?"

"Wape mhandisi, yuko ofisini kwangu anaandika maelezo. Lakini kwanza redio. Malori yanamwaga pale pale, na mteremko uliokatika wiki iliyopita haujapona. Kesho ni soko."

Kapteni hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea majibu mafupi. Alikwenda mwenyewe kwenye chumba cha redio, akaita kituo cha gendarmerie cha Kibuye, akasoma amri neno kwa neno. Sauti ya upande wa pili ilikwamakwama, ikauliza dereva akikataa wafanye nini. "Chukueni funguo," alisema Kapteni. Baada ya nusu saa sauti ilirudi: malori saba yamesimama, la nane limemwaga kabla hawajafika, mwalo umefungwa kwa kamba, watu wanalalamika.

"Waache walalamike," alisema Gahongayire.

Hakizimana aliletwa kaunta. Aliwekewa mkanda wake, kisu kidogo cha kutengenezea wavu, na karatasi ya kuachiwa. Aliambiwa kwamba kamba hazikukatwa na mtu, kwamba boya lilizama kweli. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesomewa habari za kijiji kingine.

Gahongayire alimwomba polisi wa kaunta atoke.

"Bwana Hakizimana, kaa. Kuna jambo la mwaloni ninalopaswa kukuambia, na afadhali ulisikie kwangu kuliko njiani."

Hakukaa. Aliuchukua mkanda, akaanza kuuvaa, akikosea tundu.

"Ni Mukunde," alisema.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia." Alipata tundu, akafunga. "Wengine wote mle ndani huletewa chakula. Kuna mmoja mama yake ametoka Cyangugu kwa miguu nusu ya njia. Mimi nimekaa siku kumi. Mukunde asingeacha zipite mbili bila kufika mlangoni na kikapu, hata mngempiga. Siku ya tatu nilihesabu nikajua."

Gahongayire alimweleza lilivyotokea, kwa ufupi, saa ngapi na vipi, na kwamba majirani walimzika juu ya kilima. Hakizimana alisikiliza hadi mwisho. Kisha aliuliza kama maelezo yake yatahitajika dhidi ya watu wa malori, kwa sababu alikuwa akiyahesabu kila siku akiwa boyani: lori ngapi, saa ngapi, rangi gani.

"Yatahitajika."

"Basi andika sasa," alisema, akavuta kiti. "Gari la mwisho la Kibuye limeshaondoka."